Sura ya Tano: Msomaji Wako wa Kwanza

Kila inapotajwa kwamba kuandika humsaidia mwanamke kujitambua, huibuka swali moja, nalo huulizwa na watu wenye akili timamu: kwani si tunaongea kila siku? Tunaongea bombani tukingoja zamu ya kukinga maji, tunaongea mashineni tukisubiri kusagiwa, tunaongea kliniki watoto wakipimwa uzito, na jioni tunaongea tena tukichambua maharage. Kama maneno yangetosha kumfanya mtu ajijue, wanawake wa kata yetu ya Ganako, hapa Karatu, wangekuwa wamejijua zamani. Kwa nini mtu aliyeamka alfajiri, akalima, akapika, akaenda mnadani na kurudi, aongezewe tena kazi ya daftari na kalamu?

Swali hili halijibiki kwa kusifu vitabu. Inabidi tuyatazame maongezi yenyewe. Kila maongezi yana msikilizaji, na msikilizaji huja na lake. Mama mkwe anataka kusikia kwamba mwanawe anatunzwa. Shoga anataka kusikia kwamba ndoa zote zina matatizo, ili ya kwake isiwe peke yake. Mume anataka kusikia bei ya mbaazi. Mzee wa kanisa anataka kusikia kwamba maombi yamejibiwa. Hakuna mbaya kati yao. Ila mwanamke, kwa kuwa ana adabu na anajua kuishi na watu, humpa kila mmoja sehemu yake, na baada ya miaka ishirini anaweza kuwa amekwisha kuyasema maisha yake yote, kipande huku na kipande kule, bila yeye mwenyewe kuyasikia hata mara moja yakiwa mazima.

Hoja ya sura hii ni moja, na yote yanayofuata yanaitegemea: unachogundua juu ya nafsi yako hutegemea sana ni nani unayemwandikia kwanza. Ukianza kwa kumwandikia mtu mwenye jambo analolitaka kwako, utaandika jambo hilo. Kwa hiyo msomaji wa kwanza awe wewe mwenyewe. Wa pili wawe wenzako wachache ambao hawapati wala hawapotezi kitu kwa jibu lako. Watu wengine waje baadaye, kama kuna sababu ya wao kuja.

Mahali palipozoea kusimuliwa

Karatu iko njiani. Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, huvuka mji na kuendelea hadi lango la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Magari ya watalii hupita kila siku, na maisha ya wenyeji yamekuwa sehemu ya safari. Yako maboma ya Kimaasai yanayopokea wageni kwa malipo, ziko ziara za kwa Wahadzabe na Wadatoga upande wa Ziwa Eyasi, na wako wanaopelekwa kuona nyumba za kale za Wairaqw, zile zilizojengwa nusu yake ndani ya ardhi. Mgeni huuliza, mkalimani hutafsiri, mwanamke hujibu. Akilijibu swali lilelile mara nyingi, jibu hukomaa na kukauka: idadi ya watoto, ugumu wa kuni na maji, shanga hizi maana yake nini. Hadanganyi. Anafanya kazi halali inayompa fedha ya ada. Lakini amejifunza kuyaona maisha yake kwa jicho la mtu atakayeondoka baada ya nusu saa.

Msikilizaji mwingine wa aina hiyo ni mfadhili. Miradi mingi hutaka kile kinachoitwa ushuhuda, yaani kisa kifupi cha mtu aliyesaidiwa, pamoja na picha yake, cha kuwekwa kwenye ripoti. Ushuhuda una mwendo wake unaojulikana: zamani nilikuwa sina kitu, mradi ukaja, sasa nina mbuzi sita. Mbuzi wapo kweli, nao ni jambo jema. Kinachokosekana ni yote ambayo ripoti haina nafasi nayo: kwamba mume alikasirika mbuzi walipozaa, kwamba binti mkubwa aliacha shule ili awachunge, kwamba mwenye mbuzi mwenyewe hajui kama anafurahi. Maisha yaliyozoea kusimuliwa hivi huwa na mwanzo wa giza na mwisho wa mbuzi, na mwenye maisha huanza kuamini kwamba hayo ndiyo yote.

Ndiyo maana naona Ganako na kata jirani zina haja ya pekee na jambo hili. Watu wa huku hawana uhaba wa wasikilizaji wanaotaka kusimuliwa. Wana uhaba wa wasikilizaji wasiotaka kitu.

Karatasi hufanya nini

Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Saikolojia ni elimu inayochunguza namna akili na hisia zinavyofanya kazi. Waliwachukua wanafunzi wa chuo wakawagawa. Baadhi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Wengine waliandika kuhusu mambo yasiyo na uzito. Waliopata nafuu zaidi ni walioandika tukio pamoja na walivyojisikia: katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Lakini yapo matokeo mengine ya jaribio hilo ambayo wapenzi wa kuandika hupenda kuyaruka. Mara tu baada ya kuandika, watu hao walijisikia vibaya zaidi. Machozi yalitangulia.

Tangu hapo majaribio ya namna hiyo yamerudiwa zaidi ya mara mia katika nchi mbalimbali. Yakijumlishwa, faida yake kwa wastani ipo lakini ni ndogo. Kwa baadhi ya watu haionekani kabisa. Nalitaja hili mapema kwa sababu kuna vitabu vinavyoahidi kwamba daftari litaponya presha, ndoa na umaskini kwa pamoja, nacho hiki si kimojawapo. Swali linalotuhusu hapa ni la namna nyingine: waliofaidika walifanya nini ambacho wengine hawakufanya? Pennebaker na wenzake waliyahesabu maneno ya maandishi yenyewe. Waliofaidika hawakuwa walioandika kwa ufasaha. Walikuwa wale ambao siku ya kwanza walimwaga mambo bila mpangilio, na kadiri siku zilivyokwenda yakaongezeka katika maandishi yao maneno ya kutafuta sababu na ya kuelewa: kwa sababu, ndiyo maana, kumbe, sasa naona. Aliyerudia kisa kilekile kwa maneno yaleyale siku zote nne alitoka kama alivyoingia.

Hapo ndipo tofauti ya kuandika na kuongea inapoonekana. Maneno ya mdomoni yakishatoka yamekwenda. Ukimweleza shoga yako ugomvi wa jana, kesho utamweleza mwingine kwa namna nyingine kidogo, na hakuna kitakachokuonyesha kwamba umebadilisha. Karatasi inabaki na neno la juzi. Mwanamke aliyeandika mwezi wa tatu kwamba alikataa kwenda Arusha kwa sababu ya watoto, kisha mwezi wa sita akaandika kwamba alikataa kwa sababu aliogopa kuchekwa, ana kauli mbili mbele yake na zote ni mwandiko wake. Lazima achague, au akubali kwamba zote ni kweli. Hakuna mtu wa kumlaumu kwa mgongano huo isipokuwa yeye mwenyewe, na hakuna wa kumpoza. Kujitambua, kwa maana inayotumika katika kitabu hiki, ni kazi hiyo ya kuyalinganisha maneno yako mwenyewe ya nyakati mbili.

Binti wa Sultani na bega la ngamia

Nguvu ya kalamu mikononi mwa mwanamke ilijulikana Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya wataalamu wa Marekani. Walioijua zaidi ni wale walioizuia. Salme binti Said alizaliwa Unguja mwaka 1844, mmoja wa watoto wengi wa Sultani Seyyid Said. Mabinti wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa mkavu wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, ndugu zake waligombania kiti, naye akawa karani wa kundi la Barghash lililotaka kumpindua Majid. Mpango ulishindwa. Waliosema kwamba binti anayejua kuandika ni hatari walipata ushahidi wao, na kwa kweli hawakukosea kuhusu hatari. Walikosea kudhani kwamba dawa yake ni ujinga.

Kinachotuhusu zaidi ni alichoandika baadaye. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali huko Hamburg, akamwachia watoto wadogo katika nchi ya baridi. Alianza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya watoto hao, wajue mama yao alikotoka. Zilichapishwa mwaka 1886, kwa Kijerumani. Ni kitabu cha thamani kubwa, na ni cha mapema mno miongoni mwa vitabu vya maisha vilivyoandikwa na mwanamke wa pwani yetu. Lakini ukikisoma unamwona akigeuka kila mara kumweleza Mjerumani: wanawake wetu si kama mnavyodhani, mavazi yetu ni hivi, ndoa zetu ni vile. Kurasa nyingi ni utetezi. Zile ambazo anazungumza kama mtu anayejitafuta, asiyetetea chochote, ni chache, na ndizo zinazogusa kuliko zote. Hakuwa na wenzake wa kumsikiliza. Waliomjua walikuwa ng'ambo ya bahari na wengi walikwisha kumkana. Msomaji wake alikuwa mgeni, na mgeni hutaka maelezo.

Kwa kifupi, hadi hapa: karatasi humpa mwandishi nafasi ya kujikuta akijipinga, jambo ambalo maongezi hayampi. Lakini hata karatasi hugeuka kuwa jukwaa ikiwa msomaji anayefikiriwa ni mgeni. Limebaki swali la wenzako: wanahitajika kwa lipi, kama mtu anaweza kuandika peke yake chumbani na kufunga mlango?

Kwa nini wenzako

Wanahitajika kwa sababu mtu akiwa peke yake huishiwa maelezo. Akikaa na daftari lake miaka mitatu, atatafuta sababu, kama wale wanafunzi walivyofanya, lakini atazitafuta mahali pamoja tu, ndani yake. Mwanamke anayedhulumiwa sehemu yake ya shamba na shemeji zake anaweza kuandika kurasa mia na mwisho akahitimisha kwamba hakuwa mvumilivu wa kutosha. Ameandika kwa unyofu wote, na amekosea. Akiwasikia wenzake sita wakisoma, na wanne kati yao wakawa na shamba lilelile na shemeji walewale kwa majina mengine, hitimisho lake halisimami tena. Linalomhusu yeye kama yeye linaanza kutengana na linalowahusu wote. Bila mtengano huo mtu hajijui. Anajilaumu tu kwa lugha nzuri.

Mifano ya jambo hili katika ukanda wetu ipo. Mwaka 1987 wanawake wanahabari wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA, na muda si mrefu wakaanzisha jarida waliloliita Sauti ya Siti, kwa kumbukumbu ya mwimbaji wa taarabu wa Unguja, Siti binti Saad. Hawa walikuwa watu wa kalamu tayari. Waliandika magazetini kila siku. Walichokosa ni meza yao wenyewe, mahali ambapo kupigwa kwa mke hakukuwa habari ndogo ya ukurasa wa ndani. Walipokaa pamoja na kuyaandika mambo hayo kama jambo la wote, yaliyokuwa aibu ya nyumba moja moja yakawa hoja ya taifa, na chama hicho kilikuwa miongoni mwa waliosukuma kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Kampala wana FEMRITE, chama cha wanawake waandishi wa Uganda kilichoanzishwa mwaka 1995 na Mary Karooro Okurut pamoja na wenzake. Moyo wake umekuwa kikao cha kila Jumatatu jioni, ambapo mtu huleta maandishi yake, wenzake wakayasikiliza na kusema wanachokiona. Hapo wamepita wengi ambao leo majina yao yanajulikana mbali, akiwamo Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda tuzo ya fasihi ya Caine mwaka 2007 akiwa Mganda wa kwanza kuipata. Tuzo ni jambo la kujivunia, ingawa sidhani kwamba ndiyo kipimo. Waliokuja Jumatatu mwaka mzima na wasichapishe hata ukurasa mmoja, nao walikuwa na kikao. FEMRITE pia ilikusanya na kuchapa masimulizi ya kweli ya wanawake wa vijijini, kazi muhimu, lakini ina swali lake: kisa kinapoandikwa na mwandishi aliyetoka mjini, msomaji wa kwanza anakuwa nani? Mwenye kisa anarudi kuwa msimulizi, mbele ya mgeni mwema.

Hapa kwetu, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mwaka 1996 mpango ulioitwa Tuseme, kwa wasichana wa sekondari. Wasichana walikaa pamoja, wakayataja wenyewe yanayowazuia kusoma, wakayatengenezea michezo ya kuigiza na kuionyesha. Utaratibu ulikuwa muhimu kuliko michezo: kwanza wao kwa wao, kisha walimu na wazazi. Msichana hakusimamishwa mbele ya mkuu wa shule siku ya kwanza na kuulizwa ana shida gani. Angesema hana.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao nchi yetu ilikosea, kwa nia njema kabisa. Mwaka 1967 takribani thuluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Serikali ikautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa kila kona, na kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi zilisema wasiojua wamebaki kama mmoja kwa kila kumi. Ni mafanikio ambayo nchi chache duniani zimeyapata. Akina mama walikuwa wengi katika madarasa hayo. Lakini vitabu vya kisomo vilihusu pamba, ng'ombe, mahindi na lishe, na zoezi la kuandika lilikuwa kunakili. Mwanamke alifundishwa kupokea ujumbe na kutia sahihi. Hakuulizwa ana lipi la kuandika. Wengi waliacha kalamu darasa lilipofungwa, na sioni kwa nini wasingeacha.

Ganako haianzi na mikono mitupu

Atakayesema kwamba wanawake kukaa peke yao na kuyapima maisha yao ni jambo la kuletwa, hajawauliza majirani. Wadatoga, ambao wengi wako upande wa Eyasi, wana baraza la wanawake tangu kale. Mwanamume akivunja haki za mwanamke, hasa zile zinazohusu uzazi na unyumba, wanawake hukutana, husikiliza, huhukumu na humtoza faini ya ng'ombe. Wazee wa kiume hawaivunji hukumu hiyo kirahisi. Loliondo nako, kwa wafugaji wa Kimaasai, shirika la Pastoral Women's Council limekuwa likiwaunganisha wanawake katika vikundi tangu mwaka 1997, kwa mikopo, elimu na haki zao za ardhi. Kinachopendekezwa hapa kimepachikwa juu ya desturi iliyopo: kukaa kupo, kusikilizana kupo, kalamu tu ndiyo inayoongezwa.

Hata kalamu ipo. Karibu kila mtaa una kikundi cha hisa, au VICOBA, yaani benki ndogo ya wanajamii wenyewe, ambapo wanachama huweka fedha kila wiki, hukopeshana na hugawana mwisho wa mwaka. Kikundi kina katiba, kina katibu, kina sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Wanachama wamekwisha kujifunza jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuaminiana kwa fedha. Wanajua nani hutunza neno na nani hulibeba sokoni. Kikundi kipya cha kuandika kingehitaji miaka kuyajua hayo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msianzishe kikundi kipya. Chukueni wachache wanaotaka, ndani ya kikundi kilichopo, mbaki nusu saa baada ya hesabu.

Yanayopingwa

Pingamizi la kwanza ni umbea, na lina nguvu. Ganako si Dar es Salaam. Mtu akisoma kwamba mumewe anakunywa, kila mtu anamjua huyo mume. Jibu langu ni kwamba hakuna anayelazimika kusoma alichoandika. Kuandika ni kwa wote, kusoma ni kwa anayetaka, na anayetaka anaweza kusoma mstari mmoja tu. Karatasi yenyewe inaweza kuchomwa jikoni jioni hiyohiyo. Kazi ya kulinganisha imekwisha kufanyika kichwani, ingawa mwenye nafasi ya kuficha daftari namshauri alifiche, kwa sababu ya ile kauli ya mwezi wa tatu. Pamoja na hayo, kikundi ambacho siri imetoka mara moja kivunjwe bila maneno mengi. Sijui njia ya kukitengeneza tena.

La pili ni la wanaume, nalo husemwa kwa sauti ya chini: wake zetu wanakwenda kutuandika. Baadhi yao wataandikwa, ni kweli. Lakini kikundi kisiwe cha siri. Kijulikane siku yake, saa yake na mahali pake, kama cha hisa. Kinachofichwa ni daftari la mtu, na kila mtu ana haki hiyo, mwanamume naye akitaka.

La tatu ni la asiyejua kuandika, au aliyesahau. Hapa njia ya zamani inatufaa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa, unaanza kwa mama kumwomba bintiye alete wino na karatasi. Anayesema na anayeandika wanaweza kuwa watu wawili. Tatizo ni kwamba mwandikaji anakuwa msomaji wa kwanza, na tumekwisha kuona hatari yake. Basi mwenye maneno amchague mwenyewe, na mwandikaji aandike kinachosemwa kama kinavyosemwa, asikinyooshe wala kukipamba, kisha amsomee. Akisikia akasema sivyo, kifutwe. Mjukuu wa darasa la sita huifanya kazi hii vizuri kwa barua ya mjomba. Kwa mambo ya unyumba hafai.

La nne ni lugha. Wanawake wengi wa Karatu walilelewa kwa Kiiraqw, wengine kwa Kidatoga au Kimaasai, na Kiswahili walikikuta shuleni. Kiswahili cha shuleni na ofisini ni cha adabu na taarifa, na mtu huona haya kukitumia kwa hasira. Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina. Nchi ya asili ya Wairaqw kule Mbulu huandikwa Irqwar Da/aw, na ule mkwaju ni herufi kamili. Wachache walifundishwa kuiandika. Lakini mwandishi wa daftari lake hasahihishwi na mtu, aandike anavyosikia, achanganye anavyoongea. Wakati mwingine lugha ya pili ndiyo inayosaidia: yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyataja kwa lugha ya mama yake, na kwa Kiswahili akayataja.

La mwisho ndilo zito zaidi. Kuandika kunaweza kufukua jambo ambalo kikundi hakina uwezo wa kulibeba. Mtu anayepigwa sasa hivi, au aliyebakwa, anahitaji Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii na hospitali, kabla ya daftari na pamoja nalo. Na anayeandika kisa kilekile kila wiki, kwa maneno yaleyale, huku akizidi kukosa usingizi, aache kukiandika. Wenzake wamwambie hivyo bila kumwonea haya. Tuliona kwamba kurudia bila kutafuta sababu hakusaidii. Kwa wengine kunadhuru.

Nusu saa yenyewe

Utaratibu usiwe mwingi. Haya yanatosha kwa mwanzo:

- Watu watano hadi wanane, si zaidi. Wakizidi hapo, wapole hawasomi kamwe.
- Swali moja linatajwa, na kila mtu anaandika kwa dakika kumi na tano bila kuongea. Kwa mfano: kazi gani unaifanya ambayo hakuna anayeiita kazi? Au: mwaka huu ulisema ndiyo wapi, huku moyo unakataa? Au: nani alikuwa wa kwanza kukuambia kwamba wewe ni mtu wa namna fulani, na alijuaje?
- Anayetaka anasoma. Wengine wanasikiliza bila kushauri, bila kumwombea papo hapo, bila kusema "hata mimi" kabla hajamaliza.
- Baada ya kusomwa, msikilizaji anaruhusiwa kusema neno moja lililomkaa sikioni, au kuuliza swali moja linaloanza na "kwa nini". Basi.
- Hakuna picha, hakuna kurekodi kwa simu, hakuna karatasi inayokwenda kwa mradi wowote, hata mradi ukiwa mzuri na umeleta soda.

Kanuni ya kutoshauri ndiyo itakayovunjwa kwanza, kwa kuwa tumelelewa kuona kwamba kumnyamazia mwenye shida ni ukatili. Mwenyekiti awe mkali hapo. Ushauri hugeuza kikao kuwa maongezi ya bombani, na anayeshauriwa huanza wiki inayofuata kuandika yale yatakayomletea ushauri anaoutaka. Kanuni ya kutopiga picha ndiyo itakayogharimu zaidi, maana huja siku mtu mwenye gari na nia njema akaomba visa vitatu tu. Kikundi kina haki ya kukataa. Kikiamua kumpa, kila mwenye kisa aamue kwa chake, baada ya miezi, naye akisome mwenyewe kwanza kikiwa kimechapwa.

Kama wewe ni katibu wa kikundi cha hisa Ganako, Rhotia au Endabash, tayari una daftari, una kalamu na una watu mnaoaminiana. Mkutano ujao, hesabu ikishafungwa, waulize wanaopenda kubaki wabaki. Hata watakaobaki wakiwa watatu tu, anzeni na hao.